Chumba cha baridi: Utepe usikatwe kabla mtambo haujajaribiwa

UKITOKA mjini Morogoro kwa barabara kuu ya Iringa na kukunja kushoto pale Sangasanga, unaingia barabara iendayo Mgeta. Kabla haijaanza kupanda milima ya Uluguru, barabara hiyo inakupitisha Mlali, kata ya Wilaya ya Mvomero ambayo ukiitaja sokoni, watu wanafikiria nyanya.

Wakati wa mavuno, nyanya hupangwa kwenye matenga kando ya barabara na wenyewe hukaa kusubiri gari. Likija mapema, mkulima na mnunuzi wanapatana bei. Likichelewa mpaka kesho yake, anayepanga bei ni dalali peke yake, kwa sababu anajua vizuri kwamba nyanya iliyokwishaiva haisubiri mtu.

Ndiyo maana kila ninapokaa na wakulima wa ukanda huo, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye chumba cha baridi. Kitagharimu kiasi gani? Kitaingia matenga mangapi? Benki itadai dhamana gani?

Ni maswali ya maana. Lakini kuna moja ambalo hadi leo hakuna mkulima aliyeniuliza: siku mtambo utakapofika, utawashwa na nani, kwa hatua zipi na kwa siku ngapi?

Siwalaumu. Mimi niliyesomea uchumi wa kilimo nami sikujiuliza swali hilo mpaka nilipoona hasara yake kwa macho yangu.

Siku 19 tu

Miaka kadhaa iliyopita, katika mkoa mwingine ambao sitautaja, niliandaa mchanganuo wa biashara wa kikundi cha wakulima wa mboga kilichoomba mkopo wa kujenga chumba cha baridi. Mchanganuo ulikuwa na kila kitu: bei za msimu, gharama za umeme, riba na uchakavu. Kwenye mtambo niliandika mstari mmoja tu, “ununuzi na ufungaji”.

Siku ya uzinduzi nilialikwa. Mgeni rasmi alitarajiwa saa nane mchana, na umeme wa fezi tatu ulikuwa umeunganishwa asubuhi ile ile. Fundi alikuwa bado anavuta hewa kutoka kwenye mabomba wakati turubai linafungwa na wapishi wanapakua. Baada ya dakika kama 20 aliambiwa mgeni amefika njia panda. Akazima pampu, akajaza gesi, akaweka vifaa vyake kando.

Utepe ulikatwa. Mwenyekiti wa kikundi, mzee wa makamo aliyevaa suti yake ya harusi, akabonyeza kitufe cha kijani. Mtambo ukaunguruma, watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Siku ya 19 kompresa iliungua. Mafuta yaliyotolewa ndani yake yalikuwa meusi na yenye harufu kali. Muuzaji alipoulizwa kuhusu dhamana, alidai karatasi ya vipimo vya siku ya kuwasha. Karatasi haikuwepo, kwa sababu vipimo havikufanyika.

Mkopo haukuungua. Marejesho yaliendelea kudaiwa kila mwezi, na chumba kikageuka stoo ya matenga matupu.

Kompresa inafanya nini?

Ili kuelewa kilichotokea, lazima tujue mashine hii inavyofanya kazi. Watu wengi hudhani mtambo wa baridi hutengeneza baridi. Ukweli ni kwamba unahamisha joto: unalichukua ndani ya chumba na kulitupa nje.

Mbebaji wa joto hilo ni gesi maalumu. Ndani ya chumba, kwenye koili zenye feni, gesi ikiwa katika hali ya kimiminika huchemka kwa presha ndogo na kufyonza joto la mazao. Kompresa huivuta, huikandamiza mpaka inakuwa na presha kubwa na joto kali, kisha huisukuma kwenye koili za nje, ambako hupoa na kurudi kuwa kimiminika. Hapo hupita kwenye valvu nyembamba, presha hushuka, na safari huanza upya.

Kwa hiyo kompresa ni moyo wa mtambo, na kwa kawaida ndicho kifaa kimoja chenye bei kubwa kuliko vingine vyote. Kama moyo, ina maadui: maji, uchafu, kimiminika mahali panapotakiwa gesi, ukosefu wa mafuta, na umeme mbovu. Maadui hawa wote hupata nafasi yao nzuri zaidi siku ile ya kwanza.

Hatua kabla ya kubonyeza kitufe

Hatua ya kwanza ni kupima uvujaji. Mabomba hujazwa naitrojeni kavu kwa presha iliyoandikwa na mtengenezaji, kisha huachwa kwa saa 24 huku kila kiungo kikipakwa povu la sabuni.

Isitumike oksijeni hata kwa dharura. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka na kuua. Hewa ya kujazia matairi nayo haifai, kwa kuwa ina unyevu.

Hapa kuna jambo linalohusu hali ya hewa ya mahali kama Mlali. Ukijaza naitrojeni mpaka geji isome baa 20 mchana kwenye nyuzijoto 33, alfajiri ikiwa nyuzi 20 geji itashuka kwa karibu baa 1 bila tundu lolote. Gesi imepoa tu. Asiyejua atahangaika kutafuta tundu lisilokuwepo, na mjanja atatumia sababu hiyo kuficha tundu lililopo. Dawa yake ni kusoma geji saa ile ile ya jana, huku joto la hewa likiandikwa pembeni.

Hatua ya pili ni kuvuta hewa na unyevu kwa pampu mpaka mabomba yabaki na ombwe. Hii ndiyo hatua iliyofupishwa kwa ajili ya mgeni rasmi.

Maji hayatolewi kwenye mabomba kwa kuyafuta. Hutolewa kwa kuyachemsha, na presha ikishushwa vya kutosha, maji huchemka hata kwenye joto la kawaida la chumba. Mafundi makini hushusha hadi chini ya mikroni 500, yaani chini ya sehemu 1 kwa 1,000 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi, hasa kwenye mabomba marefu.

Kisha pampu hufungwa na kipimo huangaliwa kwa nusu saa au zaidi. Kikipanda kidogo na kutulia, bado kuna unyevu. Kikipanda bila kusimama, kuna tundu. Kikibaki chini, endelea na kazi.

Maji yakibaki ndani, yataganda kwenye valvu na kuziba njia. Baya zaidi, yakichanganyika na gesi na mafuta kwenye joto la kompresa hutengeneza asidi, na asidi hula varnishi inayokinga nyaya za mota. Hicho ndicho kilichokuwa kinatokea kimya kimya kwa siku 19 huku sisi tukihesabu matenga.

Tahadhari moja kwa wenye haraka: kompresa ambayo mota yake imo ndani ya gamba la chuma isiwashwe wala kupimwa nyaya zake kwa umeme ikiwa kwenye ombwe. Umeme unaweza kuruka ndani ya mota na kuiunguza kabla haijafanya kazi hata dakika moja.

Umeme wa kijijini

Hatua ya tatu ni umeme. Mota nyingi za vyumba vya baridi vya biashara hutumia fezi tatu, volti 400. Fezi hizo zinatakiwa zilingane, tofauti isizidi asilimia 2 ya wastani.

Chukua mfano wa vipimo vya volti 400, 400 na 376. Wastani ni 392, na fezi ya tatu imepungua kwa 16, sawa na asilimia 4. Huenda tofauti hiyo ikaonekana ndogo, lakini tofauti ndogo ya volti huzaa tofauti kubwa mara kadhaa ya mkondo ndani ya mota, na mota hupata joto mpaka kuharibika. Vipimo vichukuliwe asubuhi, mchana, na jioni wakati mashine za kusaga na taa za kijiji zote zinatumika.

Mpangilio wa fezi nao ni muhimu. Kompresa za skruu na za skroli zina upande mmoja tu wa kuzunguka. Zikizungushwa kinyume hupiga kelele, hazipoozi kitu, na zikiachwa hivyo zinaharibika. Kifaa kidogo cha kulinda fezi, kinachozima mtambo fezi moja ikikatika au zikigeuzwa, ni bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa mpya.

Kwa kuwa umeme hukatika na kurudi, pawepo kipima muda kinachozuia kompresa kuwaka tena papo hapo. Dakika 3 hadi 5 hutosha kwa mitambo mingi ili presha za pande mbili zisawazike.

Na kama kikundi kina jenereta, ijaribiwe siku hiyo hiyo. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida kwa sekunde chache. Jenereta iliyonunuliwa kwa kuangalia matumizi ya kawaida peke yake itazimika, na ni afadhali izimike mbele ya aliyeiuza.

Hatua ya nne ni ya usiku mmoja, na haina jasho. Chini ya kompresa nyingi kuna hita ndogo ya kupasha mafuta. Iwashwe saa 12 hadi 24 kabla ya mtambo. Gesi hupenda kujificha ndani ya mafuta ya baridi. Kompresa ikiwashwa ghafla, gesi hiyo hutoka kwa kishindo kama soda iliyotikiswa, mafuta yanageuka povu, na vyuma vinasagana vikavu.

Umeme ulioletwa asubuhi ya sherehe haukuwa na nafasi ya kufanya kazi hiyo. Kwa hesabu hiyo peke yake, uzinduzi wetu ulipaswa kuahirishwa kwa siku moja.

Mtambo unapowaka

Kabla ya kuwasha, fundi hukagua swichi za usalama: ya presha kubwa, ya presha ndogo, na ya presha ya mafuta kwenye mitambo yenye pampu ya mafuta. Asikubaliwe kusema zimetoka kiwandani zikiwa sawa. Kila swichi ilazimishwe kuzima mtambo, na namba iliyouzima iandikwe.

Valvu ya upande wa kusukuma iwe wazi kabisa. Kuwasha kompresa huku njia ya kutokea imefungwa ni sawa na kuziba mdomo wa sufuria ya presha juu ya moto. Ile ya upande wa kufyonza, kwenye mitambo mikubwa, hufunguliwa taratibu ili kimiminika kisiingie kwa mkupuo. Kompresa imetengenezwa kukandamiza gesi, na kimiminika hakikandamiziki. Kikifika kwenye pistoni, valvu huvunjika.

Mtambo ukishawaka, kazi ni kusikiliza, kugusa na kuandika. Ampea za kila fezi, presha za pande zote mbili, joto la bomba linalotoka, usawa wa mafuta kwenye kioo, na joto la chumba na la nje. Kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kisha kila saa.

Kipo kipimo kimoja ambacho kiongozi wa kikundi anaweza kukidai kwa jina lake: nyuzi ambazo gesi inayotoka kwenye koili za ndani imezidi kiwango chake cha kuchemka. Kwa mitambo mingi ya vyumba vya baridi hutafutwa nyuzi 5 hadi 8. Ikiwa karibu na sifuri, kimiminika kinarudi kwenye kompresa. Ikiwa kubwa mno, kompresa inakosa gesi ya kuipoza.

Kisha pana jaribio lisilohitaji chombo chochote. Mtu aingie ndani, mlango ufungwe, afungue mwenyewe kwa kitasa cha ndani na kubonyeza kengele ya dharura. Chumba kisicho na njia ya kutokea ni hatari kwa maisha ya vijana watakaobeba matenga humo usiku.

Mtambo mtupu haujajaribiwa

Hapa ndipo mafundi na sisi wachumi tunapokutana. Chumba kitupu kinapoa upesi, namba zinapendeza, watu wanapiga makofi. Kazi yenyewe ni mazao.

Tuseme kikundi kinaingiza kreti 200 za kilo 25, yaani tani 5 za nyanya zilizovunwa mchana zikiwa na nyuzi 30, na kinataka zishuke hadi 12. Joto la kutolewa kwenye nyanya hizo ni sawa na uniti 100 za umeme. Kuzipoza kwa saa 20 kunahitaji mtambo wenye uwezo wa kutoa kilowati 5 za joto kwa ajili ya nyanya peke yake, achilia mbali joto la kuta, la feni, la mlango unaofunguliwa na la nyanya zenyewe kwa kuwa bado zinapumua.

Sasa tuseme nyanya hizo zimevunwa alfajiri zikiwa na nyuzi 22. Joto linashuka hadi takriban uniti 56. Kwa mtambo unaohamisha uniti mbili na nusu za joto kwa kila uniti moja ya umeme, umeshuka kutoka uniti 40 za LUKU hadi 22 kwa mzigo mmoja. Zidisha na bei iliyoko kwenye risiti yako ya LUKU, kisha zidisha na mizigo ya msimu mzima. Ratiba ya kuvuna ni sehemu ya mtambo, ingawa haimo kwenye katoni.

Kwa hiyo jaribio likamilike kwa mzigo halisi. Siku ya kwanza mtambo uendeshwe mtupu, siku ya pili uingizwe sehemu ndogo ya mazao, siku ya tatu uongezwe, mpaka kufikia ule mzigo ulioandikwa kwenye mkataba. Kama mkataba unasema tani 5 kwa saa 20, saa ishikwe mkononi.

Papo hapo irekebishwe namba ya joto. Nyanya zilizokomaa zikiwa bado kijani zinataka kati ya nyuzi 12 na 15, na zilizoiva zinavumilia 7 hadi 10. Zile za kijani ukiziweka kwenye nyuzi 4 hazitaiva vizuri, na zikitolewa huoza kwa madoa. Kabichi na karoti zinazoshuka kutoka Mgeta, kwa upande wake, hupenda joto la karibu na sifuri.

Haviwezi kulala chumba kimoja. Zaidi ya tofauti ya joto, nyanya zinazoiva hutoa gesi ya ethilini inayofanya karoti ziwe chungu na mboga za majani ziwe njano. Kikundi kiamue zao lake kabla ya kuagiza mtambo, maana mtambo hauwezi kuamua badala yake.

Funzo la meli ya mwaka 1881

Wapo watakaosema huu ni woga, mashine za siku hizi zinajiendesha zenyewe. Nawakumbusha kisa cha meli ya Dunedin.

Mwishoni mwa mwaka 1881, meli hiyo ya matanga ilikuwa bandarini New Zealand ikijiandaa kupeleka nyama iliyogandishwa Uingereza, safari ya zaidi ya miezi mitatu. Mtambo wa kupooza ulifungwa na kondoo wakaanza kugandishwa humo humo melini. Walipofikia zaidi ya 600, mhimili wa kompresa ukavunjika. Nyama ile ilibidi iuzwe hapo hapo.

Ilikuwa hasara, lakini iliyotokea bandarini, penye karakana na wanunuzi. Mtambo ulitengenezwa, upakiaji ukaanza upya, na Februari 1882 meli ikang’oa nanga. Ilipofika London mwezi Mei ikiwa na karibu kondoo 5,000, aliyekataliwa na wakaguzi alikuwa mmoja tu. Biashara ya nyama ya New Zealand ikabadilika moja kwa moja.

Jaribio linafanywa ili kitakachovunjika kivunjike ukiwa bado bandarini. Kwetu sisi, bandari ni ule muda kabla ya kutia saini na kulipa fedha yote.

Gesi gani?

Swali jingine la kuuliza kabla ya siku hiyo ni aina ya gesi. Viwanda vikubwa, kama vile vya samaki, hutumia zaidi amonia. Ina nguvu na haiharibu tabaka la ozoni, lakini ni sumu, hula mabomba ya shaba, na inahitaji mafundi wenye vifaa vya kujikinga. Kwa chumba cha kikundi cha kijijini mara nyingi si mahali pake.

Mitambo midogo hutumia gesi za makopo, na hapa lazima kuangalia mbele. R22, iliyozoeleka sana kwa mafundi wetu, inaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na kwa nchi zinazoendelea mwaka wa kuikomesha ni 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Zilizoichukulia nafasi, kama R404A, zimeingizwa kwenye Marekebisho ya Kigali yaliyopitishwa Oktoba 2016 kwa sababu huongeza joto la dunia. Kilo moja ya R404A ikivuja ina madhara ya karibu kilo 3,900 za hewa ya ukaa.

Tafsiri yake kiuchumi ni rahisi. Mtambo wa mkopo wa miaka 7 au 10 usinunuliwe na gesi ambayo itakuwa adimu na ghali kabla mkopo haujaisha. Ukipewa bei ya chini sana, uliza kwanza kilichomo ndani ya mabomba.

Mkataba ndio ufunguo

Ushauri wangu kwa kikundi chochote, kiwe cha Mlali, Kipera au Mgeta, ni kugawa malipo. Kwa mfano, asilimia 30 wakati wa kuagiza, 40 mtambo ukishafungwa, 20 ukishajaribiwa kwa mzigo kamili, na 10 zibaki mkononi kwa siku 90.

Mkataba utaje karatasi ya vipimo, na isainiwe na fundi, muuzaji na wawakilishi wawili wa kikundi. Nakala moja ibaki kwenye faili la kikundi, nyingine ipelekwe benki. Benki inayokopesha mtambo bila kudai karatasi hii inajihatarisha yenyewe.

Kikundi kichague vijana wawili, siyo mmoja, wakae na fundi tangu siku ya naitrojeni. Vyuo vya VETA hufundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi. Kijana aliyepita huko akikuta daftari la vipimo vya siku ya kwanza, ana kitu cha kulinganisha. Presha ikianza kupanda au ampea zikiongezeka, ataona wiki kadhaa kabla ya mtambo kusimama.

Daftari hilo pia litaonyesha siku ya kumwaga mafuta ya kwanza na kusafisha vichujio. Mota na mabomba mapya hutoa chenga katika saa za mwanzo, na watengenezaji wengi huagiza ukaguzi huo mapema, mara nyingi ndani ya saa 100 za kwanza.

Na gharama hizi zote ziingie kwenye mchanganuo kama fungu linalojitegemea: siku za fundi, chakula na malazi yake, naitrojeni, umeme wa kuendesha chumba kitupu, na mazao ya majaribio. Ni fungu dogo kwenye mkopo mzima, lakini ndilo linaloonekana rahisi kukatwa.

Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 ilikadiria kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya watu hupotea au kutupwa, na kwa matunda na mboga hasara ni kubwa zaidi. Mkulima wa Mlali hahitaji ripoti kujua hilo. Analiona kwenye matenga yanayorudi nyumbani au kumwagwa.

Chumba cha baridi kinaweza kumpa siku chache za kusubiri gari jingine na bei nyingine. Siku hizo chache ndizo anazonunua kwa mkopo wote ule.

Yule mwenyekiti wa suti ya harusi nilikutana naye tena miezi michache baada ya kompresa kuungua. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Mwanangu, kwenye ule mchanganuo wako, haya uliyaandika wapi?”

Sikuwa na ukurasa wa kumwonyesha. Tangu siku hiyo, kila mchanganuo wa chumba cha baridi unaopita mikononi mwangu una ukurasa wa kuwasha mtambo, na unakaa kabla ya ukurasa wa faida.